Meno bandia na tangi la samaki

Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Ule ufizi wa waridi unaoshikilia meno, ambao mgonjwa anautia kinywani kila asubuhi, ni akriliki, plastiki ileile ambayo mafundi wa mabango hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, wanaiita pleksi na ambayo viwanda vya ng'ambo vinaitumia kuundia matangi ya samaki. Kampuni ya Röhm ya Ujerumani iliisajili kwa jina la Plexiglas mwaka 1933, na kabla muongo ule haujaisha maabara za meno zilikuwa zimeanza kuacha mpira mgumu wa zamani na kuhamia huku. Tangu hapo sisi mafundi wa meno tunaikata, tunaipiga msasa na kuing'arisha kila siku ya kazi. Kwa hiyo Yaya, dada yangu mkubwa anayeendesha zahanati ya watoto huko Kampemba, aliponiambia kwamba tangi lake la samaki limeharibika na kila mtu anamshauri alitupe, nilimwomba asiliguse mpaka nifike.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, yaani linabeba lita 300. Kuta zake ni za milimita 12. La kioo lenye vipimo hivyohivyo lingekuwa na uzito zaidi ya mara mbili, na mlango wa zahanati una ngazi. Halafu kuna suala la baridi, ambalo mtu asiyeijua Katanga, eneo letu hili, hawezi kulifikiria. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Samaki wa Yaya wanatoka Ziwa Tanganyika, wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 27. Umeme ukikatika saa nne za usiku, hita inazimika na tangi linaanza kupoa. Akriliki inapitisha joto kwa kiasi cha moja ya tano tu ya kioo, hivyo maji yanachelewa kupoa, na hiyo nafasi kati ya umeme kukatika na umeme kurudi ndiyo uhai wa samaki. Nilikuwa na kila sababu ya kuliokoa.

Hali yake ilikuwa mbaya kweli. Upande wa mbele ulikuwa mweupe kuanzia katikati kwenda chini, hata samaki walionekana kama wako nyuma ya pazia. Kulikuwa na mikwaruzo ya duara, ile inayoachwa na mkono unaosugua kwa haraka. Kwenye mstari wa maji palikuwa na ukoko mgumu. Na ubavuni, mahali penye ukubwa wa kiganja, mwanga wa dirisha ukipita ulimetameta kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo.

Watu wengi wakiona weupe wa namna hiyo wanaita jambo moja: tangi limefubaa. Mimi naona hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Weupe una asili tofauti, na kila asili ina dawa yake, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Kabla ya kushika msasa lazima ujue unapigana na nini.

Nilianza na ukoko kwa sababu ndio mwepesi. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alkali nyingi, pH yake inakaribia 9, na Yaya amekuwa akiyatengeneza maji yake yafanane na hayo. Maji yakikauka kwenye ukingo yanaacha chokaa, tabaka juu ya tabaka. Chokaa hiyo haisuguliwi wala haikwanguliwi kwa wembe. Unalowesha kitambaa kwa siki ya kawaida ya jikoni, unakibandika juu ya ukoko, unakiacha, unakilowesha tena. Tindikali inaila chokaa, utaona povu dogo dogo, halafu inafutika kwa kidole. Siki haiidhuru akriliki. Baada ya kusuuza, theluthi nzima ya weupe wa sehemu ya juu ilikuwa imeondoka bila hata kuligusa umbo la tangi. Nimeona matangi yaliyopigwa msasa juu ya ukoko, na punje za chokaa zikageuka kuwa msasa wa pili, usiochaguliwa na mtu.

Kisha nikamwaga maji juu ya uso wa mbele, kwa nje, nikaangalia. Hili ni jaribio ambalo ningependa kila mwenye tangi alijue. Palipolowana, weupe ulipotea, palipokauka, ulirudi. Maana yake ukungu ule ulikuwa mikwaruzo midogo ya juu tu, maelfu yake. Mwanga unapotoka kwenye hewa kuingia kwenye akriliki unapindishwa sana, na uso uliokwaruzwa unaupindisha kila upande, ndiyo weupe tunaouona. Maji yakijaza mifereji ile, tofauti inapungua, kwa kuwa kipimo cha kupindisha mwanga cha maji ni 1.33, cha akriliki ni 1.49, na cha hewa ni 1 tu. Jambo hilo linafundisha pia jinsi ya kugawa nguvu zako. Mikwaruzo ya ndani, tangi likijaa, inafichika kwa sehemu kubwa kwa sababu imezungukwa na maji. Ya nje inabaki hewani na itaonekana daima. Kwa hiyo jasho jingi liende nje.

Ulibaki ule mmetemeto wa ubavuni. Nilizima taa, nikaweka tochi kwa upande, mwanga ukilala juu ya akriliki. Kucha haikuhisi chochote, uso ulikuwa laini, lakini ndani ya plastiki yenyewe kulikuwa na nyufa nyembamba sana, nyingi, zikielekea upande mmoja. Maji hayakuzificha. Nikamuuliza Yaya tangi linapanguswa kwa kitu gani.

“Kwa pombe kali, mdogo wangu. Tangu corona. Kila kitu hapa kilikuwa kinapanguswa kwa ile pombe.”

Nilijua kabla hajamaliza. Mwaka 2020 vioo vya pleksi vilivyowekwa kwenye maduka ya dawa na kaunta mjini vilipanguswa kwa pombe mara nyingi kwa siku, na vingi vilianza kumetameta hivyohivyo. Akriliki ina mkazo uliobaki ndani yake tangu ilipokatwa, ilipokunjwa au ilipogundishwa, na tangi lililojaa linaongeza mkazo wa maji yanayosukuma kuta. Pombe, asetoni, petroli na sabuni za vioo zenye amonia zinapenya mahali penye mkazo huo na kupafungua. Kwetu maabara tunawaambia wagonjwa jambo hilo kila wiki: usiloweke meno yako kwenye pombe ukidhani unaua vijidudu. Wanaona tunawakataza usafi, kumbe tunawalinda wasirudi na ufizi uliopasuka.

Nyufa za aina hii msasa hauzimalizi. Zinashuka chini, na kila unapozifuata unapunguza ukuta mahali palipokwisha dhoofika. Nilichoamua ni kuziacha. Zilikuwa mbali na maungio, hazikuwa na kina, na ziko ubavuni ambako mtoto aliyeketi kwenye benchi haangalii. Kama zingekuwa kwenye maungio au zingekatiza ukuta kutoka upande hadi upande, ningemwambia Yaya tangi hilo lisibebe maji tena, na ningelisema bila kumtuliza. Lita 300 ni kilo 300, na benchi la watoto liko karibu.

Samaki walihamia kwenye pipa la bluu la plastiki lililokuwa la maji ya kunywa, pamoja na hita, pampu ya hewa na kichujio chenye maji ndani yake. Kichujio kisikauke; bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wanaishi humo, na wakifa, tangi jipya linalong'aa litawaua samaki kwa amonia. Hilo linatosha kuhusu samaki.

Sasa msasa. Ule unaofaa ni msasa wa maji, mweusi, ambao mafundi wa kupuliza rangi za magari wanautumia, na wauza rangi za magari wanao wa namba zote. Namba ndogo ni punje kubwa. Wa 400 una punje za wastani wa maikroni 35 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wa 1000 zipo 18, wa 2000 zipo 10. Kwa kulinganisha, mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu chini ya maikroni moja. Hesabu hiyo ilinisaidia sana nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, kwa sababu inaeleza kwa nini baada ya msasa wa 2000 plastiki bado ni nyeupe. Mifereji iliyobaki ni mikubwa kuliko mwanga, na itautawanya mwanga mpaka uifanye midogo kuliko hapo. Mtu asiyejua hilo anafika 2000, anaona weupe, anakata tamaa au anarudi nyuma, wakati alikuwa amebakiza hatua ya mwisho tu.

Na kuna jambo ambalo nimelirudia kwa wanagenzi wetu mpaka wanalimalizia wenyewe: kung'arisha hakuondoi mkwaruzo. Msasa ndio unaondoa. Kila namba ina kazi moja, kufuta alama za namba iliyotangulia, basi. Ukiruka kutoka 400 kwenda 1500, msasa wa 1500 utapaka mng'aro juu ya mifereji ya 400, na utakapofika kwenye dawa ya kung'arishia utapata uso unaong'aa wenye mistari ndani yake, na hiyo mistari sasa inaonekana vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwenye meno bandia madhara yake si ya macho tu. Mfereji unaong'aa bado ni mfereji, unakusanya uchafu wa chakula na kuvu, na mgonjwa anapata kidonda kinywani bila kujua kimetoka wapi. Kwenye tangi unakusanya mwani, na mwani unaomea mferejini ndio unaomfanya mtu asugue kwa nguvu zaidi, na kukwaruza zaidi. Nadhani nusu ya matangi yaliyofubaa yalianzia hapo.

Namba ya kuanzia nilichagua kwa kucha. Nilipitisha kucha juu ya kila mkwaruzo kwa kuukatiza. Iliponasa, nilianza na 400. Ilipopita bila kunasa, nilianza na 1000, kwa sababu hakuna haja ya kuchimba mifereji mipya mikubwa ili kufuta midogo. Sehemu kubwa ya uso wa mbele ilikuwa ya kundi la pili. Mikwaruzo ya duara chini, iliyoachwa na mchanga ulionasa kwenye sponji, ilikuwa ya kundi la kwanza.

Tangi nililitoa uani, kivulini. Kivuli ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Akriliki inanyonya maji, inaweza kufikia kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, na inavimba kidogo. Ukilitoa tangi lililokaa na maji miaka na kulianika kwenye jua kali la Septemba, uso mmoja unakauka na kunywea kabla ya mwingine, na mkazo unaongezeka ndani ya ukuta. Ndiyo sababu pia tunawaambia wenye meno bandia wayalaze majini usiku.

Msasa niliuzungushia kipande cha mpira kilichonyooka. Vidole vitupu vinasukuma zaidi pale penye ncha zake na kuacha mabonde. Nililowesha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikasugua kwa kwenda na kurudi, mlalo. Nilipohamia 600 nikasugua wima. 800 mlalo tena. Kwa kubadili mwelekeo hivyo, mistari ya namba iliyopita inajitokeza ikiwa imekingama, na unajua kwa macho, bila kubahatisha, kama imekwisha. Kila mara nilikausha na kuangalia kwa tochi ya pembeni, kwa kuwa maji, kama nilivyosema, yanaficha.

Jambo jingine ni upana. Ukiukazania mkwaruzo mmoja mahali pamoja, utaufuta, lakini utakuwa umechimba kibonde. Kibonde kwenye ukuta angavu ni lenzi. Samaki akipita nyuma yake atanyooka na kukunjamana, na hilo linachosha macho kuliko mkwaruzo wenyewe. Kwa mkwaruzo wenye kina nilisugua eneo pana mara kadhaa kuliko urefu wake, nikipunguza nguvu kuelekea ukingoni. Ukuta wa milimita 12 unavumilia. Kinachoondoka ni sehemu ndogo ya milimita. Kwenye ukuta mwembamba wa milimita 4 au 5 ningefikiri mara mbili.

Kati ya namba na namba, usafi. Nilimwaga maji yote, nikaosha ndoo, nikanawa mikono hadi chini ya kucha, nikabadili kitambaa. Punje moja ya 400 iliyobaki ndani ya ndoo ya 1500 itachora mstari mrefu ambao utakurudisha hatua tatu. Maabarani kila brashi ina sinia lake, na mwanagenzi anayechanganya masinia anajua atakachoambiwa. Mvulana wa jirani aliyekuwa akinisaidia kumimina maji aliniuliza kwa nini naosha kitu kisicho na uchafu. Nilimpa msasa wa 400 na wa 2000 avishike kwa zamu, macho amefumba, kisha nikamwonyesha mashapo meupe yaliyotua chini ya ndoo. Akaanza kuziosha ndoo yeye mwenyewe.

Kulikuwa na mtu aliyeshauri tutumie mashine ya kusaga chuma, aiwekee kitambaa, tumalize jioni ileile. Nilikataa na nitakataa tena. Akriliki inalainika kwenye nyuzi 105 hivi. Mashine inayozunguka kwa kasi, ikikaa mahali pamoja hata kitambo kidogo, inavuka hapo kwa msuguano. Plastiki inayeyuka juu, inaburutwa, inaacha mawimbi na alama ya kuungua, na joto lenyewe linaacha mkazo mpya ambao utafunguka siku nyingine. Hata maabarani, ambako tuna mashine ya kuzungusha iliyotengenezwa kwa kazi hii, tunang'arisha kwa uji wa unga na maji, gurudumu la kitambaa likiwa limelowa, kasi ndogo, mkono ukitembea. Joto tunaliogopa tangu kuoka, yaani kuugandisha ufizi kwa joto. Kimiminika kinachogeuka kuwa akriliki kinachemka kwenye nyuzi 101 hivi, na fundi anayeharakisha kuoka anapata ufizi wenye vitundu vya mapovu ndani.

Kwa hatua ya mwisho nilichukua vitu vyetu vya maabarani. Kwanza unga wa jiwe la pumisi, ule laini, uliokorogwa na maji mpaka uwe uji mzito. Nilisugua kwa mkono kwa kitambaa cha flaneli, kwa mizunguko midogo inayohamahama. Weupe wa 2000 ulianza kufifia, kisha uso ukawa na ule mng'aro wa maziwa ambao fundi wa meno anaujua. Baada ya kuosha kila kitu, nikachukua unga mweupe laini wa chokaa, uleule tunaomalizia meno. Hapo ndipo uangavu ulipokuja. Nilipouona uso wa mkunga wa zahanati upande wa pili wa tangi, na kope zake zikihesabika, nilifurahi kama vile ndiyo kazi yangu ya kwanza. Akriliki safi inapitisha asilimia 92 ya mwanga, na ni plastiki hiihii ambayo daktari Harold Ridley aliitengenezea lenzi na kuipandikiza ndani ya jicho la mgonjwa London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vyake vilivyoruka ndani ya macho ya marubani wakati wa vita havikuleta uvimbe. Yaya, ambaye amesomea uuguzi, hakuwa anajua kwamba mtoto wa jicho na tangi lake la samaki vina historia moja. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisimwambie tena mtu kwamba hiki ni plastiki tu.

Ninasisitiza pumisi na chokaa kwa sababu ya ndani ya tangi. Dawa za kung'arishia magari zinafanya kazi nzuri kwa nje, mradi hazina amonia wala vimumunyisho vikali, lakini nyingi zina mafuta, silikoni na kemikali nyingine ambazo hazipaswi kugusa maji ya samaki. Zinapenya kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki, na baadaye zinatoka taratibu. Unga wa jiwe na unga wa chokaa ni madini yasiyo na hila, yanasuuzika, na chembe ya chokaa itakayobaki kwa samaki wa Tanganyika si tatizo, kwani maji yao yamejaa chokaa. Dawa ya meno ya kupigia mswaki nayo inakwaruza kidogo na inaweza kusaidia kwa nje penye ukungu mwepesi sana. Ndani sitaiweka.

Kwa ndani nilifanya kazi fupi zaidi. Nilifuta mikwaruzo iliyonasa kucha, nikaanzia 800 kwa iliyobaki, nikaishia kwenye pumisi. Pembe za maungio sikuzigusa kwa msasa. Kuta za akriliki zimeunganishwa kwa kimumunyisho kinachoyeyusha pande mbili zikawa kipande kimoja, na maungio hayo ndiyo nguvu ya tangi. Silikoni inayoziba matangi ya kioo haiishiki akriliki vizuri, kwa hiyo ukiyadhoofisha maungio huna cha kubandika baadaye. Mikwaruzo miwili mirefu ya ukuta wa nyuma niliiacha kama ilivyo. Yaya alinionyesha kwa kidole, nikamwambia tusubiri maji. Tangi lilipojaa aliitafuta mwenyewe, hakuiona.

Kabla ya kujaza, tulikagua kitako. Tangi la kioo lenye fremu linaweza kukaa kwenye kingo zake, la akriliki linataka kitako chote kiegemezwe, hivyo seremala alitengeneza ubao mzima wa plaiwudi, tukaupima kwa pimamaji, tukaweka karatasi nene ya povu juu yake. Tulijaza robo, tukangoja, nusu, tukangoja, kisha juu kabisa, na tukaliacha siku kadhaa bila samaki na karatasi kavu zikiwa zimetandikwa chini ya maungio yote. Nilirudi na tochi kwenye zile nyufa za ubavuni. Nilikuwa nimechora mpaka wake kwa kalamu ya risasi, kwa nje. Hazikuwa zimevuka mstari.

Kitu kimoja sikukiruhusu kirudi ndani. Mawe ya malakiti. Katanga kila nyumba inayo, yana kijani kizuri sana, na Yaya alikuwa ameyapanga chini ya tangi kama bustani. Malakiti ni madini ya shaba. Maji yakiwa na tindikali kidogo tu yanaanza kuyayeyusha, na shaba inaua konokono kwanza, kisha inawadhoofisha samaki. Maji yenye alkali ya Yaya yalikuwa yamewakinga, nadhani hiyo ndiyo sababu hawakufa. Lakini siki ile niliyotumia, kama ingebaki na kuyakuta mawe hayo, hadithi ingekuwa nyingine. Isitoshe, yana ncha, na akriliki ni laini kuliko jiwe lolote utakaloliweka humo. Yamehamia dirishani. Chini tukaweka mchanga na mawe ya mviringo yaliyochaguliwa kwa mkono, na samaki wanaokwangua mwani wakaanza kuyafanyia kazi siku ileile.

“Sasa nisafishe kwa kitu gani?” Yaya aliuliza, maana chupa ya pombe ilikuwa bado mezani kwake.

Nje, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba kilichooshwa, si karatasi ya kufutia, maana nyingine zina nyuzi ngumu. Usipanguse vumbi likiwa kavu. Lilowanishe kwanza, vumbi letu la kiangazi lina chembe za mawe ndani yake. Ndani, kitambaa hichohicho cha aina ya pamba, kisichowahi kugusa sabuni, na kazi iishie vidole viwili juu ya mchanga. Kilicho chini ya hapo kiachiwe samaki. Tuliandika maneno hayo kwenye karatasi, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati, na vitambaa tukavipa rangi, cha bluu cha nje, cheupe cha ndani. Mama anayefanya usafi alisoma, akauliza kama na kile kioo cha pleksi cha kaunta kipanguswe hivyo. Nikamwambia ndiyo, kuanzia leo.